Chapati za Kukunja

Kwetu Kivukoni mgeni hupikiwa wali na samaki, na jambo hilo halina mjadala. Wali uwe wa mchele wa hapa hapa bondeni, ule ambao wauzaji wa Dar es Salaam huuita mchele wa Kilombero hata pale ulipotoka kwingine, na samaki awe wa mtoni, perege au kambale, wa kukaanga au wa nazi. Ukimpa mgeni ugali atakula na kushukuru, lakini majirani watasema. Wali hupakuliwa katika sinia, watu wakanawa mikono, wakala pamoja. Ni mila nzuri. Nimelelewa nayo na wanangu nimewalea nayo. Lakini sinia lina masharti yake. Kutia mkono katika chombo kimoja na mwenzako ni kutangaza mbele ya watu kwamba huna neno naye. Ndiyo maana mwenye kinyongo ukimkaribisha husema ameshiba. Na ndiyo maana mimi, nilipotaka kuwaalika rafiki zangu wawili kwa chakula cha usiku, nililifikiria sinia hilo wiki nzima nisione njia.

Rafiki hao tulifundisha pamoja katika shule moja ya msingi kwa miaka kumi na mitatu. Mmoja ni Mndamba, mtoto wa mvuvi, na baada ya kustaafu alirudi ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, akalima mpunga na kutega samaki. Wa pili alizaliwa Shinyanga, akaja huku na ng'ombe wachache wa baba yake, na ng'ombe wakaongezeka. Siku zile waliitana Mwalimu, wakakopeshana baiskeli na chaki, na mmoja alipofiwa na mama yake mwenzake alikesha naye siku zote za matanga. Kisha mwaka mmoja ng'ombe waliingia katika mpunga uliokuwa karibu kuvunwa. Sitaeleza zaidi, maana kila mmoja ana maelezo yake, na yote nimeyasikia mara nyingi kuliko nilivyopenda. Shauri lilifika barazani, fidia ikatajwa, ikalipwa nusu. Halafu ukaja mwaka 2012, serikali ikaendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao bondeni, kwa kuwa uwanda huu wa mafuriko umo tangu 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zinazohifadhiwa kimataifa. Mwalimu wa Shinyanga aliuza ng'ombe wengi kwa bei ya kutupa. Aliamini kwamba mwenzake alifurahi. Tangu hapo walisalimiana misibani tu.

Asiyelijua bonde hili ataona ni ugomvi mdogo wa ng'ombe na majani. Lakini fikiri: masika maji hupanda, uwanda mzima ukawa kama ziwa. Yakishuka huacha udongo wenye rutuba, majani mabichi na vidimbwi vyenye samaki, vyote kwa wakati mmoja na mahali pale pale. Mkulima akitazama huona shamba, mfugaji huona malisho, mvuvi huona kitoweo. Wote watatu wanaona kweli.

Njia niliipata kwa binti mmoja wa Meksiko. Ifakara imezoea wageni wa namna yake tangu Waswisi walipofungua maabara yao hapa mwaka 1957. Huja kusoma habari za malaria na mbu, wengine wakakaa muda mrefu hadi wakajifunza kutania. Huyu alipanga chumba nyumbani kwangu, na siku moja alitaka kutupikia chakula cha kwao. Akaomba unga wa mahindi. Nikampa sembe safi, akakanda, akajaribu kuutandaza kama chapati, ukamkatikia mikononi. Ndipo akanieleza kwamba kwao mahindi huchemshwa kwanza na kulowekwa katika maji ya chokaa, ganda likalegea, na unga wake ukawa wa kushikamana. Tena chokaa hiyo huifanya vitamini iliyofungika ndani ya punje ipatikane mwilini. Mataifa yaliyochukua mahindi bila kuchukua ufundi huo, kama Italia na majimbo ya kusini mwa Marekani, yaliugua sana ugonjwa wa pelagra pale maskini walipokosa chakula kingine. Nilistaajabu. Sisi tunasema mahindi, kana kwamba yalitoka kwa Wahindi, na kumbe nyumbani kwake ni Meksiko. Nyanya, pilipili, maharage na parachichi navyo asili yao ni Amerika. Karibu kila kitu tunachokiita cha kwetu jikoni, yule binti alikitazama kama ndugu aliyepotea.

Kwa kuwa sembe ilikataa, tulitumia chapati. Alisema haidhuru, kaskazini mwa nchi yao nako hutumia unga wa ngano. Chapati moja huwekwa mkononi, ukatia nyama au samaki, maharage, kachumbari, ukakunja, ukala. Bakuli zote zinakaa katikati ya meza na kila mtu anajitengenezea chake. Nilipokumbuka hilo nikajua nimeliepuka sinia.

Likabaki jina. Chakula hicho huitwa taco. Msomaji alitamke kwa sauti, kisha aniambie angemwalikaje mtu mzima na heshima zake aje kukila. Kwa hiyo niliwaambia kwamba nitapika chapati za kukunja, na kila mmoja nilimwambia wazi kuwa mwenzake atakuwepo. Walinyamaza kidogo, wote wawili, wakasema watakuja.

Nashukuru daraja. Miaka ya nyuma nisingeweza kumwalika mtu wa Lupiro kula usiku, maana jua likianza kushuka yeye yuko mbioni kuwahi kivuko, na kivuko chenyewe tulikipanda kwa sala. Mwaka 2016 kilipinduka. Daraja la Magufuli, mita 384, lilizinduliwa 2018, na tangu hapo mtu anaweza kukaa hadi saa nne akarudi kwa pikipiki. Nafikiri hesabu za wahandisi hazikuwa na safu ya chakula cha usiku.

Siku ile nilianza saa tisa. Unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo kuliko ya chapati zetu, maji ya uvuguvugu. Nikakanda, nikaufunika, nikausukuma mwembamba. Maharage nilikuwa nimeyachemsha tangu asubuhi, nikayaponda na kitunguu. Parachichi nikaliponda kwa chumvi na limau. Kachumbari naijua, niliongeza majani ya giligilani tu. Pilipili nikaitenga katika bakuli lake, kali ya kutoa machozi. Sikununua nyama wala samaki, kwa sababu asubuhi Mwalimu wa Shinyanga alileta kilo mbili za nyama na kibuyu cha maziwa ya mgando, na saa kumi Mwalimu wa Lupiro alifika na perege sita katika kikapu, wangali wabichi. Hapakuwa na aliyeagizwa. Nyama niliikata vipande vyembamba, nikaitia limau, kitunguu saumu na bizari nyembamba, nikaikaanga kwa moto mkali. Perege nikawakaanga, nikawatoa miiba. Yale maziwa niliyachuja mpaka yakawa mazito, maana binti wa Meksiko alisema kwao hutia kitu cha namna hiyo juu.

Walikaa pembe mbili za meza. "Hujambo, Mwalimu." "Sijambo, Mwalimu." Basi. Wakajengea chapati zao kimya kimya, huyu nyama, yule samaki, kila mmoja na alichokileta, na mimi nikasema habari za mvua, ambazo hazikuhitaji msemaji. Chakula hiki kina tabia moja ambayo sinia halina: mtu hawezi kukila bila kuomba. Bakuli unalolitaka huwa mbali na wewe. Nilikuwa nimeiweka pilipili upande wa Shinyanga na kachumbari upande wa Lupiro, na sitasema ilikuwa bahati. Hata hivyo waliniomba mimi. "Dada, nisogezee ile." Nikawa mtumishi wa bakuli, nikizunguka meza.

Kisha mjukuu wangu wa miaka tisa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Bibi, si yule dada alisema haya yanaitwa matako?"

Pakawa kimya. Nilitazama sahani yangu. Aliyeanza alikuwa Mwalimu wa Shinyanga. Alijaribu kuizuia ikamtoka puani, akakohoa, akashika kifua. Mwenzake akaweka chapati chini, akafuta macho kwa kiganja, na kiganja kilikuwa na pilipili, kwa hiyo akalia kweli kweli. Mwalimu wa Shinyanga akanyanyuka mwenyewe, akachukua birika, akammiminia maji ya kunawa uso. Alisimama pale na birika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu," akasema yule wa Lupiro alipopata sauti, "hayo maziwa ni ya ng'ombe wako?"

"Ni ya wale waliobaki."

"Wamebaki wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Nisogezee."

Akasogezewa. Akatia juu ya samaki wake vijiko viwili, akala, akatikisa kichwa, sikujua kwa kusifu au kwa kushangaa. Shamba halikutajwa, wala fidia, wala mwaka 2012. Waliulizana watoto wako wapi, wakataja walimu wenzetu waliofariki, wakahesabu, wakakosana katika hesabu. Saa nne pikipiki ikapiga honi nje.

Chapati nne zilibaki. Asubuhi mjukuu wangu alizila na chai, na nilimkataza kuzitaja kwa jina shuleni.