Kikasha cha Burrator

Akina mama wenzangu, Mei 2023 nilikwenda Uingereza kumwona mdogo wangu, ambaye ni muuguzi kama mimi, anafanya kazi Plymouth. Nilidhani nitatembezwa madukani. Jumamosi asubuhi akaniambia, "Dada, vaa viatu vya kutembelea. Bibi jirani anatupeleka milimani."

Bibi huyo ni mjane wa miaka 70 na ushee, anasali kanisa moja na mdogo wangu. Alibeba chupa ya chai, kitambaa kikavu, penseli na daftari dogo jipya. Nikafikiri tunakwenda kumwona mgonjwa. Kumbe mgonjwa mwenyewe ni kikasha cha plastiki.

Burrator ni bwawa lililokamilika mwaka 1898 ili kuupatia mji wa Plymouth maji. Liko ukingoni mwa Dartmoor, nyanda za juu zenye upepo usiochoka, na juu ya vilima mawe makubwa ya kijivu yamepandana kama yamepangwa kwa mkono. Kondoo hulala barabarani, na magari huwangoja.

Huko kuficha vitu ni desturi ya zamani. Mwaka 1854 James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni, aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili waliofika watie kadi zao. Mchezo wa siku hizi, uitwao jiokeshi, ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya huko iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zinazoonyesha mahali ulipo. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo porini jimboni Oregon, akatangaza vipimo vyake katika intaneti ili watu waitafute. Leo vikasha vya namna hiyo vimetapakaa duniani. Ukikipata unaandika jina lako katika daftari la ndani, unakirudisha palepale. Aliyekificha ndiye mwenyewe, na ni wajibu wake kukitunza.

Sasa mwenyewe akifa je?

Kikasha tulichokifuata kilikuwa cha rafiki yake Bibi. Tangu azikwe, Bibi ndiye aliyekuwa akipanda kukausha maji na kubadilisha daftari. Lakini taarifa kwamba kimevuja zilikwenda kwa marehemu, na marehemu hajibu barua. Mkaguzi wa kujitolea akatoa muda kitengenezwe. Bibi akaomba akabidhiwe, akakataliwa: kikasha hakihami mkono mpaka mwenyewe akubali. Watoto wa marehemu hawakujua neno la siri la mama yao. Muda ukapita, kikafutwa katika orodha.

"Nimekihudumia kama mtoto," alisema, "wananiambia si wangu!"

Nilimwonea huruma, lakini moyoni nilikuwa upande wa mkaguzi. Sisi wauguzi tunajua: hata mgonjwa akiwa hoi, humtii saini mkononi. Wangewapa vikasha wote wanaosema "mwenyewe kanyamaza", wangapi wangenyang'anywa kwa sababu tu walikuwa safarini au kitandani? (Na wangapi kati yetu tunalima shamba ambalo hati yake hatujawahi kuiona?) Kosa lilikuwa la rafiki yake, aliyeugua muda mrefu na asikabidhi zamu.

Tulikikuta chini ya ukuta wa mawe, kimejaa maji ya rangi ya chai. Daftari lilikuwa limeshikamana kama uji uliopoa, isipokuwa ukurasa wa kwanza, wenye mwandiko wa marehemu akiwakaribisha wageni. Bibi aliufunga katika kitambaa polepole. Alikuwa ameomba ruhusa kwa watoto wake kukiondoa, maana hata kikifutwa bado ni mali ya mtu, na kukiacha ni kutupa takataka.

Nafasi ile sasa ilikuwa wazi. Kanuni inataka mita 161 kati ya kikasha na kikasha, na cha zamani hakihesabiwi tena. Bibi akatoa kipya, chenye mfuniko wa kubana, akakiweka palepale kwa jina lake mwenyewe, akingoja mkaguzi akikubali. Hakikuwa kile cha rafiki yake, na majina ya waliofika miaka yote hayakuhamia kwake. Alilia kidogo, akasingizia upepo. Tulikunywa chai tumesimama kwa sababu mawe yalikuwa yamelowa.

Jioni, mezani kwa mdogo wangu, Bibi alimwita mjukuu wake kwa simu. Alikuwa na vikasha vingine vinne. Akamtumia ombi la kumkabidhi, kijana akakubali viwili palepale. Nikamwuliza, "Na viwili vilivyobaki?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Bado nina miguu," akasema.