Tope la Mito Miwili: Kutoka Gotu hadi Rufiji

Barabara itokayo Isiolo kuelekea Merti huvuka mto Ewaso Ng'iro penye daraja la Gotu. Jina la mto huu ni la Kimaa, na maana yake ni mto wa maji ya rangi ya udongo. Mvua zikinyesha milimani, maji hufika hapa yamebeba tope zito, yakapita penye malisho ya ngamia na mbuzi wa Waborana, kisha yakaenda kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Msafiri wa pwani, aliyezoea mito iendayo baharini, hustaajabia mto unaomezwa na ardhi.

Nchi hii imemeza na vita pia. Katika hifadhi jirani ya Buffalo Springs lipo bwawa la maji maangavu ambalo husimuliwa kuwa lilichimbuliwa na bomu la ndege ya Kiitaliano katika Vita vya Pili vya Dunia. Na mji wenyewe wa Isiolo ulikuzwa na familia za askari wa Kisomali waliowatumikia Waingereza katika Vita vya Kwanza, wakapewa makao hapa vilipokwisha. Misikiti na maduka ya mji huu ni sehemu ya urithi wao.

Vita hivyo vya 1914 hadi 1918 ndivyo vinavyouunganisha mto wa Gotu na mto mwingine wa tope, ulio katika pwani ya Waswahili: Rufiji.

Alfajiri ya 20 Septemba 1914, watu wa Unguja waliamshwa na ngurumo za mizinga. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imeivamia manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa bandarini ikitengenezwa mitambo yake. Pegasus ikazama. Baada ya hapo Königsberg, nayo ikiwa na hitilafu ya mitambo, ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi, hata wakaiangamiza tarehe 11 Julai 1915.

Lakini meli kuzama hakukuwa mwisho wa mambo. Maji ya Rufiji ni mafupi, na Wajerumani walirudi wakaitoa mizinga yake yote kumi. Ikakokotwa kwa nguvu za wapagazi hadi Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu, ikapelekwa kupigana barani. Mmoja ulifika hata Ziwa Tanganyika, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus, nayo ikarudishwa vitani. Ama kiwiliwili cha Königsberg, kilibaki mtoni kikichokolewa na watafuta vyuma kwa miaka mingi, hadi 1966 kilipoporomoka na kufunikwa na tope.

Wengi hudhani kwamba kilichozama topeni kimeoza. Sivyo daima. Chuma hushika kutu kwa kukutana na maji na hewa. Tope zito likikifunika likaizuia hewa, huweza kukihifadhi muda mrefu. Septemba 2000, huko Estonia, kifaru cha vita aina ya T-34 kilivutwa kutoka ziwa Kurtna Matasjärv, kilimokuwa kimezama tangu 1944. Kilitoka na rangi yake, na alama za Kijerumani zikisomeka ubavuni. Miaka 56 ya tope haikukifuta.

Mizinga ya Rufiji na Unguja haihitaji safari ya mbali kuionea. Mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus imewekwa Fort Jesus, Mombasa, pale tunapopaita Ngomeni. Maadui wawili walioviziana baharini leo ni majirani, na watoto hucheza karibu nao.

Chuma basi kimeopolewa, kikasafishwa, kikapewa jina na mahali pa kukaa. Waliokikokota je? Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, kila upande ukichukua wake. Kwa wale wa Kenya peke yao, hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja vifo zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi na lishe mbovu, si kwa risasi. Majina ya wengi hayakuandikwa vyema, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Sisi tunaojua uzito wa deni la maiti na haki ya mirathi, tunaelewa maana ya jambo hilo. Mke wa mtu aliyepotea vitani hakuambiwa mumewe amekufa lini, wala amezikwa wapi. Akae eda, au aendelee kungoja? Watoto wahesabiwe mayatima, au baba yuko njiani? Maswali hayo yalibaki majumbani, mikononi mwa wanawake, na hayakuwekewa nguzo ya ukumbusho.

Tope huhifadhi chuma. Majina ya watu huhifadhiwa na ndimi za bibi zetu, nazo hazikai miaka mia. Kila mwaka unaopita, nyumba moja humzika mzee aliyesikia kutoka kwa mamake ni nani aliyechukuliwa akaenda Kariakoo asirudi. Hata neno hilo Kariakoo, tunalolitamka tukiwaza soko, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.

Basi akina mama mnaopanga kuwapeleka watoto Ngomeni likizo hii, au kuwazuru jamaa Isiolo na kufika hadi darajani Gotu, chukueni daftari. Kabla ya kuondoka, muulizeni bibi: katika ukoo wetu, nani alikwenda vitani? Andikeni jina lake na la babake, na kijiji alichotoka. Kisha msomeeni Fatiha, mkimtaja kwa jina.