Upole Hauna Mizani Moja

Nilipoomba kazi mjini Voi, nilipewa dodoso la haiba. Sentensi moja ilisema, "Mimi ni mpole." Niliafiki kwa fahari, kwani nyanya yangu wa Wundanyi alinisifu kwa neno hilo hilo. Nikahesabiwa mnyamavu, na kazi nikaikosa.

Wanasaikolojia wengi hupima sifa kuu tano, kila moja kwa mizani yake: uchangamfu, wema, bidii, wasiwasi na udadisi. Msingi wake ni maneno. Mwaka 1936 Allport na Odbert walikusanya yapatayo 18,000 kutoka kamusi ya Kiingereza. Lakini upole wetu hubeba wema na utulivu kwa pamoja. Basi, wanakiswahili wenzangu, kabla ya kutafsiri dodoso, tupime kwanza neno.