Mwamba Ngoma na Namba Kubwa

Mwamba ngoma, walinena wahenga, huvutia kwake. Ndivyo alivyo aghalabu mwandishi wa programu ya hisabati. Akiisha kuitunga, huijaribu kwa namba alizozizoea. Jibu likija sawa, huridhika. Kumbe hakuijaribu: ameiomba imsifu.

Dawa ya maradhi haya yaonekana vyema katika GMP, programu huria ya kukokotoa namba zenye tarakimu nyingi mno, iliyoanzishwa na Torbjörn Granlund wa Sweden na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Juu yake zimejengwa nyingine nyingi, miongoni mwao SageMath, iliyoasisiwa na William Stein mwaka 2005. Mtafiti aitumiaye SageMath huenda hajapata kulisikia jina la GMP, lakini msingi ukikosea, na jengo hukosea. Programu inayozimika ghafla hujitangaza. Ile itoayo jibu baya kwa utulivu ndiyo ya kuogopwa.

Kompyuta za leo aghalabu huigawa namba kubwa katika vipande, kila kimoja nafasi 64 za sifuri na moja. Kipande kikifurika, moja hubebwa kwenda kwa jirani, kama mtoto afanyavyo akijumlisha 9,999 na 1. Katika kubeba huko ndiko kosa lipendako kujificha. Walakini namba zikiokotwa kwa bahati nasibu ya kawaida, kipande kilichojaa moja tupu hutokea mara moja katika 18,446,744,073,709,551,616. Mashine ijaribuyo vipande milioni kwa sekunde ingekingoja, kwa wastani, miaka zaidi ya laki tano.

Kwa hiyo watunzi wa GMP waliunda bahati nasibu yenye inda: namba zenye misururu mirefu ya moja na ya sifuri, ili kubeba kutokee mara kwa mara na kusafiri mbali. Nalo jibu hupimwa kwa njia ya pili: kilichogawanywa huzidishwa tena, baki likaongezwa, ikatazamwa kama namba ya awali imerudi. Hata mtumiaji huhimizwa ayaendeshe majaribio hayo katika mashine yake, kwani pengine mwenye kosa si mtunzi bali ni programu iliyoufasiri utungo wake kwa lugha ya mashine.

Mwaka 2014 wanahisabati watatu wa Hispania walisimulia katika jarida moja la Marekani jinsi programu ya kibiashara, isiyofunguliwa ndani, ilivyowapa majibu tofauti kwa swali lile lile. Waliweza kulalamika tu, kuchungulia hawakuweza. Katika programu huria mlango u wazi, lakini mlango wazi haufagii nyumba. Hapana budi aingie mtu na ufagio, aongeze jaribio moja gumu ambalo hakuna atakayemshukuru kwalo. Siku litakaposhindwa, ndipo itakapojulikana thamani yake: kosa limekamatwa kabla halijawa ukweli wa watu.