Wakili wa Shauri Lisilo na Mahakama

Katika mtaa wa Usagara, mjini Tanga, alizaliwa kijana aliyependa sheria. Jina la mtaa wake ni moja na jina la nchi ya Wasagara, iliyo mbali na bahari, ambako Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters, aliyeanzia safari yake Saadani, alipata alama ya mkono wa Mangungo, mtawala wa Msovero, juu ya karatasi. Husimuliwa kwamba Mangungo alidhani anafunga urafiki na mgeni. Karatasi ilisema anatoa nchi. Februari 27, 1885, mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya kuzilinda Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Tangu hapo jina la Mangungo limekuwa mfano wa kila mkataba mbaya. Kijana alilisikia darasani kama watoto wote wanavyolisikia. Wenzake walicheka, yeye alijiuliza ni nani angalimsomea mzee yule karatasi ile.

Swali hilo ndilo lililomwelekeza kwenye kazi ya wakili wa usuluhishi wa kimataifa.

Kazi hiyo ni ngeni kwa watu wengi. Wakili wa kawaida husimama mbele ya hakimu aliyewekwa na serikali. Wakili wa usuluhishi husimama mbele ya watu, mara nyingi watatu, wanaotokana na hiari ya wagombanao: kila upande huchagua mmoja, na wa tatu huwa mwenyekiti. Mpatanishi huomba, msuluhishi huamua. Mpatanishi asiposikilizwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Msuluhishi huacha tuzo, na tuzo humfuata aliyeshindwa mpaka penye mali yake katika nchi nyingi, kwa nguvu ya Mkataba wa New York wa 1958, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964. Asili ya utaratibu huu ni hofu. Mgeni humwogopa hakimu wa mwenyeji, na mwenyeji humwogopa hakimu wa mgeni. Basi wote wawili hutafuta baraza la tatu.

Pwani ya Waswahili ililijua baraza hilo zamani. Kampuni ya Kijerumani ya Witu na kampuni ya Kiingereza ziligombea haki ya kukusanya ushuru wa forodha wa Lamu, mji uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja. Shauri lilipelekwa kwa Baroni Lambermont wa Ubelgiji, naye Agosti 1889 aliamua kwamba Wajerumani hawakuthibitisha haki ya kutangulia. Ushuru ulikuwa wa Lamu, lakini wagombanao walitoka Ulaya na mwamuzi alitoka Ulaya. Watu wa Lamu walilipa tu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Siku moja ya likizo kijana alivuka kwenda Chongoleani kumwamkia mjomba wake, mvuvi na mzee wa baraza la kijiji. Mahali hapo ndipo palipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 litokalo Hoima, Uganda. Kwa hiyo hata wavuvi walikuwa wakizungumza habari za mikataba. Mzee alimsikiliza, kisha akamwuliza:

“Kampuni ya ugenini ikikupa fedha ili useme juu ya nchi hii, utasema?”

“Haki haisikii vema kwa sikio moja, mjomba. Kila upande wastahili msemaji.”

“Kweli, mwanangu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na ngozi ikipasuka, ngoma ni ya nani?”

Kijana hakuwa na jibu. Alirudi chuoni na fumbo hilo, akalitafutia ufumbuzi katika shauri la maji ya Dar es Salaam. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa huduma ya maji ya mji huo. Mwaka 2005 serikali ilivunja mkataba, ikaishika kampuni na kuwafukuza wakubwa wake nchini. Wenye mtaji, Biwater Gauff, waliishtaki Tanzania mbele ya wasuluhishi watatu. Julai 2008 tuzo ilisema mambo mawili: serikali ilikiuka ahadi zake kwa mgeni, lakini mgeni hakustahili fidia, kwa kuwa ukiukaji huo haukuwa chanzo cha hasara yake. Kila upande ulibeba gharama zake wenyewe. Vyama vya wananchi viliruhusiwa kutoa maoni kwa maandishi, lakini havikuruhusiwa kuingia barazani wala kuona nyaraka za shauri. Mama aliyesubiri maji kwa ndoo tupu hakuwamo.

Hapo kijana alitambua mambo yaliyomnyima jibu Chongoleani. Serikali yake yaweza kukosa, na wakili aipendaye nchi yake huiambia hivyo mapema, kabla wageni hawajaiambia kwa gharama kubwa. Tena ushindi wa barazani ni mdogo kuliko hasara iliyozuiliwa. Mashauri mengi hushindwa siku ya kutia sahihi, kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna aliyeuliza maana yake. Mwaka 2020 Tanzania ilitunga sheria mpya ya usuluhishi badala ya ile ya mwaka 1931. Lakini sheria haimsomei mtu mkataba wake.

Aliporudi likizo iliyofuata, alimwambia mjomba wake kuwa atakubali kusema kwa ajili ya yeyote mwenye haki ya kusikilizwa, ila hatakubali kumsaidia mtu yeyote kumficha mwenzake maana ya karatasi.

Mzee aliendelea kushona wavu wake. “Hilo la pili,” alisema, “ndilo litakalokupunguzia fedha.”

“Najua, mjomba.”

“Basi kasome.”