Tulipowapeleka Watoto Ziwa Singidani

Msafiri anayefika Singida mjini huona upesi mambo mawili: mawe makubwa yaliyopandana kama magunia ghalani, na maji. Mji wetu umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Wageni hushangaa kuona maziwa katika mkoa mkame kama huu, ambao akina mama wengi huamka alfajiri kutafuta ndoo moja ya maji. Lakini maji hayo ni ya chumvi. Hakuna mto unaoyatoa ziwani. Jua na upepo huyakausha, na chumvi hubaki.

Jumamosi moja ya kiangazi tuliwapeleka watoto wa kanisani kwetu Singidani. Tulibeba viazi vitamu, kuku wa kienyeji, chai, na madumu mawili ya maji safi ya kunywa. Upepo wa Singida mnaujua: vumbi lilitupiga njia nzima, hata tulipofika macho yalikuwa yameanza kuwasha. Mbali kidogo heroe walikuwa wamesimama majini kwa mguu mmoja. Watoto hawakuwatazama. Waliingia majini penye kina kifupi, sisi tukiwa kando yao, wakaanza kushindana nani atakaa chini ya maji macho wazi kwa muda mrefu zaidi.

Haukupita muda, wakatoka wakilia na macho mekundu kama pilipili. Machozi yetu yana chumvi kidogo tu. Maji yenye chumvi nyingi kuliko machozi huliwasha jicho na kulikausha. Kwa kawaida mwasho huo si wa kuogofya. Kinachotuumiza ni yale tunayoyafanya baada ya kutoka majini.

Wengine walikuwa wanafikicha macho kwa vidole vyenye mchanga. Bibi mmoja, kwa upendo wote, alichukua khanga yake akaanza kuwafuta nyuso mmoja baada ya mwingine. Mjukuu wake wa miaka tisa alipozidi kulia, bibi akachuma majani ili amkamulie jichoni.

"Bibi, shikamoo, tunakusihi usimkamulie," tulimwambia.

"Sista, mimi nimelea watoto saba kwa dawa hii."

Hatukubishana naye mbele ya watoto. Tulimwomba atushikie dumu, nasi tukanawa mikono kwa sabuni, tukamlaza mtoto kichwa upande na kummiminia maji safi polepole, kutoka upande wa pua kwenda nje. Wengine tuliwaosha vivyo hivyo. Baada ya nusu saa walikuwa wanakula viazi na kucheka. Mjukuu wa bibi hakula. Jicho la kushoto halikufunguka, na mwanga wa jua ulimchoma.

Mama yake alitaka kungoja hadi Jumatatu. Hapo tulinyamaza kidogo, maana miaka ya nyuma, tukiwa zamu, sisi wenyewe tulimwambia mama mmoja, "Ngoja kidogo, litapoa." Halikupoa. Mtoto yule leo anaona kwa jicho moja. Jingine lina kovu jeupe. Basi tukampeleka mjukuu hospitali jioni ile ile. Chembe ya mchanga ilikuwa imekwama chini ya kope, imechubua kioo cha jicho. Ilitolewa, akapewa dawa ya kupaka, na baada ya siku chache alirudi shuleni. Kama utomvu ule ungeingia kwenye mchubuko, pengine tungesimulia mengine.

Na ile khanga? Mikoa ya kati, Dodoma na Singida, inaujua vema ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, unaoambukizwa kwa mikono, nzi na nguo za kufutia uso. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kuwahimiza wazazi kuwanawisha watoto nyuso, pamoja na dawa, hupunguza vikope vikali.

Kwa hiyo, akina mama wenzetu, mkienda ziwani, baharini au bwawani:

Bebeni maji safi ya kunawia, na kitambaa cha kila mtoto peke yake.

Mtoto afumbe macho anapozama, au avae miwani ya kuogelea ikiwa ipo.

Asifikiche macho. Osheni kwa maji safi mengi.

Msitie majani, maziwa ya mama, wala dawa ya matone iliyobaki nyumbani.

Jicho likiuma, likikimbia mwanga, likitoa usaha, likiwa na doa jeupe au likiona ukungu, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mwezi uliofuata tulirudi Singidani. Yule bibi alikuja na dumu lake mwenyewe, na vitambaa alivyokata kutoka khanga kuukuu, kimoja kwa kila mtoto.