Viti vya Katikati

Jumatatu, 7 Novemba 2022
Mkono wa kulia una bandeji, mwandiko umepinda. Basi.

Leo, uwanja wa Kaitaba hapa Bukoba, wamewaaga waliokufa kwenye ndege yetu iliyoanguka ziwani. Watu 19. Tulipanda 43. Marubani wote wawili wamekwenda. Redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili imesema yote, nilishindwa kumwambia aizime.

Yule kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, ataajiriwa Zimamoto na Uokoaji. Anastahili. Nilisikia kasia kabla sijaona mwanga. Ngo! Ngo! Mlango wa nyuma. Maji yako kifuani, mtu analia "Yesu, Yesu", mimi nasikiliza kasia tu. Huko nje kuna mtu! Halafu mkono, mgumu, una magamba ya samaki. "Shika hapa, mama." Sijui mkono wa nani. Walikuwa wengi kwenye ile mitumbwi.

Jumanne, 8 Novemba
Mama kaleta ndizi na maharage. Kanilisha mwenyewe. Haulizi kitu.

Najua kinachomkaba. Ndiye aliyesema nije kwa ndege, akaongezea nauli kwa pesa ya kahawa. Tangu Mei ile ya 1996, tangu meli ya MV Bukoba izame na Mjomba, nyumbani kwetu meli haitajwi. Mjomba alipandia hapahapa, akaishia karibu na Mwanza. Hawakumpata.

Alhamisi, 10 Novemba
Nimeruhusiwa. Njiani nimefumba macho mpaka ziwa lilipopita.

Msimu wa senene umechanganya. Watoto wa jirani wamekesha kwenye taa. Mama yuko barazani anawachambua, miguu huku, mabawa huku, vidole vinakwenda vyenyewe. Nimekaa karibu naye. Tumechambua bila neno, ikawa afadhali.

Usiku ni kazi. Nikilala tu, namwona dada wa kiti cha mbele, nywele amesuka upya. Tuliongea habari za mvua. Nimemtafuta kwenye picha za waliolazwa. Hayupo. Orodha ya majina sitaki kuisoma.

Jumapili, 13 Novemba
Kanisani, kila aliyenishika mkono: "Mungu ana makusudi na wewe." Naitikia amina. Wananipenda, najua.

Lakini yule dada je? Yeye hakuwa na makusudi? Pua ilitangulia majini, waliokaa mbele wakazama nayo. Mkia ukabaki juu, mitumbwi ikaufikia. Nilipewa kiti cha nyuma. Namshukuru Mungu kwa pumzi hii, namshukuru sana, nalia nikiandika. Ila sitaki mtu anitumie kuwapimia wengine imani. Mama wa yule dada naye leo yuko kanisani mahali fulani.

Jumatano, 16 Novemba
Kazini wamepiga. Kwa upole, lakini wamepiga.

Nitarudije Dar? Ndege, hapana, siwezi hata kusikia mlio wake. Meli mpaka Mwanza... Mama alinyanyuka akatoka nje kabla sijamaliza sentensi. Limebaki basi. Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma. Zaidi ya kilomita 1,400 na mbavu hizi.

Ijumaa, 18 Novemba
Mama kaingia na tiketi mbili.
"Tunaondoka Jumatatu. Nimechukua viti vya katikati."
"Tunaondoka? Na shamba, Mama?"
"Migomba haikimbii."

Baada ya chakula akavuta kigoda, akapunguza utambi wa taa. Akauliza, bila kunitazama: maji yalikuwa baridi?

Nikamwambia mwanzoni, ndiyo. Baadaye husikii. Akauliza kama giza lilikuwa zito. Kama mtu anaweza kuomba dua mle ndani. Kama mtu anawakumbuka wa nyumbani. Nimemjibu yote, nimemweleza mpaka kasia. Tumefika saa saba usiku. Miaka yote hii hakuwa na wa kumuuliza.

Sasa anakoroma. Asubuhi nimpigie Baba Neema: aje atupokee Mbezi, na chumba cha uani kitandikwe. Na Mama anataka ndoo yenye mfuniko, ya senene wa wajukuu.